Mikwaruzo Kwenye Kioo cha Gari: Ipi Inaondoka, Ipi Haiondoki?

Vikundi kadhaa tunavyovitembelea vimejinunulia pikapu kwa michango ya wanachama, ili kupeleka maziwa na kabichi sokoni. Kikundi kimoja kilisugua tope kwenye kioo cha mbele kwa majivu na waya wa kusugulia sufuria. Kioo kilitakata kweli. Lakini usiku dereva alipokutana na lori lenye taa kali, kioo chote kikawa mwanga mtupu. Mtu wa baiskeli aliyekuwa kando ya barabara hakumwona mpaka alipomkaribia kabisa. Tunashukuru Mungu hakumgonga. Kwa hiyo tuzungumze juu ya mikwaruzo.

Inatoka wapi?

Kioo ni kigumu, lakini chembe nyingi za mchanga ni ngumu zaidi. Ukipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, ni kama unapiga msasa. Raba za waipa zikiisha, chuma chake huchora kioo. Madirisha ya pembeni nayo huchorwa na mchanga ulioingia kwenye mipira yake kila yanapopandishwa na kuteremshwa. Taa ikipiga mkwaruzo, mwanga hutawanyika na kuingia machoni mwa dereva. Ndiyo maana mchana haisumbui sana, usiku inasumbua.

Jaribu kwa ukucha

Osha kioo, kikauke, halafu pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Kama ukucha unateleza bila kukwama, mkwaruzo ni mdogo na unaweza kung'arishwa. Kama ukucha unakwama, mkwaruzo ni mzito. Huo usiuguse. Kuuondoa ni lazima ule kioo kingi, na mahali hapo patakuwa na bonde. Dereva ataona barabara imepinda, jambo ambalo ni baya kuliko mkwaruzo wenyewe.

Namna ya kufanya

Dawa ya meno hung'arisha kidogo tu. Poda inayofaa inaitwa seriamu oksaidi, ile mafundi wa vioo hutumia. Msasa, majivu na mchanga tuviache.

1. Weka gari kivulini. Osha kioo vizuri kwa maji na sabuni.
2. Funika rangi ya gari na mipira kwa magazeti na selotepu.
3. Kwa upande wa ndani wa kioo, weka alama ya kalamu kuzunguka mkwaruzo, usije ukaupoteza.
4. Jifunge kitambaa puani, kwani vumbi la poda si zuri kwa mapafu. Changanya poda na maji mpaka iwe kama uji mzito.
5. Tumia drili yenye kijisahani cha sufi ngumu, kwa mwendo wa polepole. Zungusha mahali papana kuliko mkwaruzo, usikae pamoja.
6. Usiache ikauke. Simama kila baada ya muda mfupi uguse kioo. Kikiwa moto, pumzika kipoe chenyewe. Ukimwagia maji baridi kinaweza kupasuka.
7. Osha, kausha, tazama. Rudia kama bado.

Kazi hii haitaki haraka. Kwa mkono bila drili inawezekana kwa alama ndogo sana, lakini mkono utachoka.

Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na plastiki katikati. Kama mkwaruzo mzito uko mbele ya macho ya dereva, au kuna ufa, mpelekeeni fundi, na ikibidi nunueni kingine. Najua mtasema pesa hakuna. Lakini kioo kina bei, mtu hana.

Kinga

Mwageni maji kwanza, vumbi literemke, ndipo mpanguse kwa kitambaa safi. Msiwashe waipa kioo kikiwa kikavu. Raba zikianza kukatika, badilisheni. Bei yake ni ndogo sana kuliko ya kioo. Kinga ni bora kuliko tiba.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Nani kati yetu huosha gari, na kwa kitu gani?
2. Dereva wetu akisema usiku haoni vizuri, huwa tunamsikiliza au tunamharakisha?
3. Tunaweza kuweka akiba kiasi gani kila mwezi kwa ajili ya raba na kioo?