Maumivu ya Kiuno Yanayoshuka Mguuni: Yafahamu Kabla Hujalipia Tiba

Maumivu yanayoanzia kiunoni, yakapita kwenye tako na kushuka nyuma ya paja hadi chini ya goti, humnyima mtu usingizi na humtoa kazini. Mwenye maumivu ya namna hiyo hana subira ya kulinganisha bei wala ya kuuliza maswali, na ndiyo maana soko la tiba zake limejaa ahadi. Katika makala haya tunaeleza maumivu hayo ni nini, kipi husaidia, kipi hupoteza fedha, na dalili zipi zisisubiri hata usiku mmoja.

Chanzo chake

Mshipa wa fahamu wa siatiki ndio mnene kuliko mishipa yote ya fahamu mwilini. Huundwa na mizizi itokayo sehemu ya chini ya uti wa mgongo, hupita ndani ya tako, hushuka nyuma ya paja, kisha hugawanyika karibu na goti na kuendelea hadi unyayoni. Mzizi mmojawapo ukibanwa, maumivu husikika katika njia hiyo yote, ingawa penye hitilafu ni kiunoni.

Kinachobana mara nyingi ni diski, yaani kile kitu laini kilicho kati ya pingili na pingili. Ganda lake likipasuka, sehemu ya ndani hutokeza na kuugusa mzizi. Kwa wazee, huenda ikawa ni kusinyaa kwa njia inayopitisha mishipa hiyo. Mgonjwa huhisi maumivu kama ya umeme au ya kuchoma, ganzi, au hisia ya kutembelewa na sisimizi. Mara nyingi hali huzidi anapokohoa, anapopiga chafya au anapokaa kwa muda mrefu.

Jambo ambalo muuzaji hakuambii

Wagonjwa walio wengi hupata nafuu bila upasuaji, mara nyingi ndani ya wiki 6 hadi 12. Mwili hufyonza taratibu sehemu ya diski iliyotokeza, na uvimbe unaouzunguka mzizi hupungua. Basi yeyote atakayekuuzia kitu katika wiki ya nne, iwe chupa ya dawa, mkanda wa sumaku au mfululizo wa sindano, ataonekana ameponya. Ushuhuda wa jirani aliyepona ni wa kweli. Lakini hauthibitishi kwamba alichokinunua ndicho kilichomponya.

Utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali kwa wiki 6 hadi 12. Kundi moja lilipangiwa upasuaji wa mapema; jingine liliendelea na tiba ya kawaida, na kupasuliwa baadaye pale tu ilipohitajika. Waliopangiwa upasuaji wa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Hata hivyo, mwaka ulipotimia hali za makundi mawili zilikuwa karibu sawa, na zaidi ya nusu ya kundi la pili hawakuwa wamepasuliwa.

Yanayosaidia

Endelea kutembea na kufanya shughuli kwa kadiri unavyoweza. Kulala kitandani siku nyingi hakuharakishi kupona. Mtaalamu wa tiba ya viungo anaweza kukufundisha mazoezi utakayoyaendeleza nyumbani bila malipo zaidi. Dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, kama ibuprofeni na diklofenaki, huwasaidia baadhi ya watu, lakini zitumike kwa kiasi kidogo na kwa muda mfupi. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu asizitumie kabla ya kumwona daktari.

Ya kufikiriwa mara mbili

Sindano za makalioni. Sindano ikichomwa mahali pasipofaa yaweza kuudhuru mshipa huohuo wa siatiki na kuacha ulemavu. Uliza kama vidonge havitoshi.

Pregabalini na gabapentini. Mwongozo wa kitabibu unaotumika Uingereza unashauri zisitolewe kwa maumivu haya, kwa kuwa faida yake haijathibitika na madhara yake yanajulikana.

Kipimo cha MRI siku za mwanzo. Watu wengi wasio na maumivu yoyote huonekana na diski zilizotokeza. Kipimo kina maana pale matokeo yake yatakapobadili tiba.

Mchanganyiko usio na lebo. Katika nchi mbalimbali, baadhi ya dawa zinazouzwa kama mitishamba zimebainika kutiwa steroidi kwa siri. Nafuu huja upesi, lakini sukari na shinikizo la damu huweza kupanda, mifupa hudhoofika, na kuziacha ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu ni hatari.

Nenda hospitali mara moja

Usisubiri ukipatwa na ganzi sehemu za siri au kuzunguka njia ya haja kubwa, ukishindwa kukojoa au kuzuia haja, au miguu yote miwili ikilegea. Mizizi ya mwisho wa uti wa mgongo huenda imebanwa, na kuchelewa kwa saa chache kwaweza kuacha ulemavu wa kudumu. Wahi pia ikiwa unyayo hauinuki unapotembea, au maumivu yameanza baada ya ajali. Homa, jasho la usiku, kupungua uzito au historia ya saratani navyo vinahitaji uchunguzi wa haraka, kwani kifua kikuu nacho hushambulia uti wa mgongo.

Kabla ya kulipa

Muulize anayekutibu: Tatizo langu ni nini? Nini kitatokea nisipotumia tiba hii? Gharama yote ni kiasi gani, nayo itakwisha lini? Hakikisha dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ukienda kwa mganga wa tiba asili, mwombe akuonyeshe usajili wake katika Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Dai risiti, na utunze kifungashio.

Mtoa huduma mwaminifu hatachukizwa na maswali haya. Anayekuhimiza ulipe leo kabla ofa haijakwisha, kwa ugonjwa ambao mara nyingi hupoa wenyewe, amekwisha kukupa jibu.