Mfamasia anayetazama fizi

Mgonjwa wa kifafa anayekuja kwa mfamasia huyu kuchukua fenitoini huombwa kwanza afungue mdomo. Cheti kinasubiri. Kinachotazamwa ni fizi.

Fenitoini ilianza kutumika 1938, na mwaka uliofuata tu ikaripotiwa Marekani kuwa inavimbisha fizi. Kwa kawaida haziumi. Nyama huanza kuota katikati ya meno, hasa ya mbele, mara nyingi ndani ya miezi mitatu ya kwanza, ikapanda taratibu hadi kwa baadhi ya watu jino hubaki likichungulia. Takriban nusu ya watumiaji hupatwa kwa kiasi fulani, vijana zaidi. Uchafu wa meno huzidisha hali, ndiyo maana mfamasia huulizia mswaki kabla ya kuulizia degedege.

Wagonjwa, anasema, hawalalamiki. Yeye humjua anayecheka akiwa kaziba mdomo kwa mkono. Povu la mwenye kifafa tayari linaogopwa, wengi wakiamini linaambukiza, nalo haliambukizi. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyewatibu wagonjwa wa kifafa wa Mahenge, Tanzania, miaka ya 1960, aliikuta hofu hiyo hiyo. Basi mdomo uliobebeshwa aibu ya ugonjwa unaongezewa ya dawa. Binti anaacha vidonge kimyakimya, kifafa kinarudi, nyumbani wanasema dawa imeshindwa. Kumbe kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, na hilo huua.

Hatari nyingine anazitaja upesi. Upele ukitokea wiki za mwanzo, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Fenobabito, dawa nyingine ya kifafa, ikikulevya usingizi, imeze usiku. Usijiongezee fenitoini hata nusu kidonge: ini likifika kikomo chake, nyongeza ndogo hurusha kiwango cha dawa damuni, macho yakacheza, mtu akapepesuka, na majirani wakasema kalewa.

Fizi zikizidi, humwandikia daktari kupendekeza dawa nyingine. Fizi nyingi hunywea fenitoini ikishaachwa. Lakini valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kabamazepini hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango. Huyo binti achague ipi? Mfamasia anasema aulizwe mwenyewe, tena faragha, si dirishani mbele ya foleni. Faragha hiyo itapatikana wapi, kwenye hospitali yenye dirisha moja na mfamasia mmoja?