Walikimbia maharage yakiwa shambani



Nilikwenda kukagua mahindi ya mama mmoja hapa Kibaigwa. Dumuzi alikuwa ameyatoboa. Nikaanza kumweleza mama yule: pukuchua, anika, pepeta, kisha changanya na dawa. Mzee mmoja aliyeketi kando ya kihenge akacheka.

"Bwana Shamba," akasema, "mdudu huyo mimi nilimjua wewe ukiwa mtoto mchanga."

Alisema kweli. Hapa nchini dumuzi alionekana kwanza Mkoa wa Tabora, karibu na mwaka 1980. Wakati huo mzee alikuwa akilima Ulyankulu, katika mkoa huo huo. Yule mama ni binti yake, ameolewa hapa kwetu. Nikamwuliza mzee alifikaje Ulyankulu. Dumuzi tukamweka kando.

Mwaka 1972

Mzee alizaliwa Burundi, karibu na Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Baba yake alikuwa mwalimu. Tarehe 29 Aprili 1972, waasi wa Kihutu waliishambulia miji ya kusini wakaua Watutsi wengi. Serikali ya Rais Micombero ikalipiza kisasi. Wanajeshi waliwakamata Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi na makarani. Waliouawa wanakadiriwa kuwa zaidi ya laki moja.

Baba yake aliitwa ofisini asubuhi moja. Hakurudi. Mzee alikuwa na umri wa miaka 12.

Wewe ni mkulima, kwa hiyo fikiri jambo hili. Ilikuwa mwezi wa tano. Maharage yalikuwa shambani, yamebakiza wiki chache kuvunwa. Mama aliyaacha. Alifunga mbegu kidogo katika pindo la kanga, akawachukua watoto wanne, wakapanda mtumbwi usiku pamoja na baba mdogo. Asubuhi ya pili walishuka upande wa Kigoma. Hawakuwa na sufuria wala jembe.

Mtoto wa mwisho alikuwa akiharisha. Siku ya tatu hakukuwa na chakula. Mama alifungua pindo, akazitazama zile mbegu, akafunga tena. Jioni alifungua akapika nusu. Mtoto alikula kidogo. Usiku ule akafa.

"Mpaka anazeeka mama alijiuliza," mzee aliniambia. "Kwa nini sikupika asubuhi?"

Mimi nimefundisha miaka mingi kwamba mbegu hailiwi. Siku ile sikuwa na neno.

Kuanza upya

Serikali yetu iliwapeleka Ulyankulu. Ilikuwa pori la miombo lenye mbung'o. Walipewa majembe, mapanga na chakula cha kuanzia. Walikata miti, wakapanda mahindi na mihogo, baadaye na tumbaku. Mama alipanda ile nusu ya maharage. Yaliota machache.

Watu walizidi kuwa wengi, maji yakawa hayatoshi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wengi walianza kuhamishiwa Mishamo, Mpanda. Baba mdogo alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo ndugu waliotoka pamoja wakatengana, na safari hii hakuna aliyekuwa akipiga risasi.

Mwaka 2007 wakimbizi hao wa 1972 waliulizwa: mnarudi Burundi, au mnaomba uraia? Wengi waliomba uraia. Mdogo wa mzee alirudi. Alikuta kiwanja cha baba yao kinalimwa na mtu mwingine, naye anasema amepewa na serikali. Mzee alibaki. Watu zaidi ya 160,000 walikubaliwa kuwa raia, na mwaka 2014 walianza kupewa vyeti vyao. Alikuwa amengoja miaka 42.

Je, sasa mambo yamekwisha? Binti yake amezaliwa Tanzania, na ni raia. Lakini sokoni, alipobishania bei ya debe na kijana mmoja, aliambiwa, "Rudi kwenu, mkimbizi."

Alipokuwa akitueleza haya, bibi jirani, Mgogo wa hapa hapa, aliacha kupepeta.

"Kijana huyo hajasikia habari ya Mtunya?" akauliza.

Wewe umesikia? Mwaka 1916 Wajerumani na Waingereza walipigana hadi huku Ugogo. Majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana. Ikaja njaa ya Mtunya, maelfu wakafa, nao waliobaki na nguvu walihama kwenda kuhemea mbali. Vita haikuwa yao.

"Mama yangu alizaliwa njiani, watu wakihemea," bibi alisema. "Alizaliwa kwa watu wasiojua hata jina la babu yangu. Walimpa bibi yangu uji."

Mzee alimsogezea bibi kigoda. Nikavua koti, nikakaa nao kupukuchua. Tulipata magunia matano mazima. La sita lilikuwa limeliwa nusu.