Kofia ya jino ikigoma kutoka, bora ikatwe

Mkazi wa Nakuru, Gilgil au Naivasha hahitaji kuelezwa meno ya kahawia ni nini. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana madini ya floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa kabla ya kutimiza miaka minane hivi, meno yake ya ukubwani huota na madoa, na yaliyoathirika sana humeguka.

Ndiyo sababu wengine, wakipata pesa, huenda kwa daktari wa meno kuvishwa kofia, yaani krauni. Aliye na pengo huwekewa daraja: jino bandia linaloshikwa na kofia za meno ya jirani.

Je, msomaji, uliambiwa kwamba kofia hiyo si ya milele? Baada ya miaka kadhaa kauri yaweza kupasuka, jino likaoza chini ya ukingo, au mzizi ukatunga usaha. Hapo huenda ikalazimu kofia itolewe. Daktari ana njia tatu kuu.

Ya kwanza ni kugonga. Ndoano hushikizwa ukingoni mwa kofia, kisha uzito mdogo uliomo kwenye mpini wake huvutwa ghafla, mara kadhaa. Ya pili ni kuuma kipande cha gundi kilicholainishwa kwa maji ya moto. Kikipoa, unafungua kinywa kwa ghafla nacho huivuta kofia. Uzuri wa njia hizi ni kuwa kofia yaweza kutoka nzima ikarudishwa.

Lakini zinafaa zaidi pale kofia ilipobandikwa kwa simiti ya muda. Kama simiti ni ya kudumu, pigo laweza kuvunja jino lenyewe, hasa lililokwisha kutibiwa mzizi. Gundi nayo yaweza kung'oa kofia au kijazio cha jino la upande wa pili.

Kwa hiyo madaktari wengi hupendelea njia ya tatu: kukata. Baada ya sindano ya ganzi, keekee ndogo hupasua kofia kutoka ufizini hadi juu. Kifaa bapa huzungushwa katika mpasuo huo, nayo hufunguka kama ganda la njugu. Daraja pia hukatwa hivyo, kofia moja baada ya nyingine.

Wagonjwa wengi hulalamika: "Daktari, mbona unaharibu kitu nilichokilipia pesa nyingi?" Kumbuka kwamba jino lako lilichongwa pande zote ili livae kofia hiyo. Kilichobaki chini ni kisiki. Kofia ikiharibika, nyingine hutengenezwa. Kisiki kikivunjika, huenda pasiwe na pa kuivika.

Kabla hujaketi kitini, uliza: kofia ilibandikwa kwa simiti gani? Picha ya eksirei inaonyesha nini? Nitavaa nini nikingoja mpya, na gharama yote ni kiasi gani? Ikiwa imetoka yenyewe, ihifadhi uende nayo kwa daktari. Usiibandike kwa gundi ya dukani.

Na watoto je? Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Wape maji ya mvua yaliyotunzwa vizuri, au yaliyopitishwa kwenye kichujio cha mkaa wa mifupa, ili wasije wakahitaji kofia hizo.