Uzee na Usukani: Uchunguzi Unasema Nini?

Mwaka 1997 nchini Japani ilitungwa alama ya kubandikwa kwenye magari yaendeshwayo na wazee wa miaka 75 na zaidi. Alama hiyo ilikuwa na umbo la tone, yenye rangi za chungwa na njano, mfano wa jani la mti katika majira ya kupukutika. Wazee wengi hawakuipenda. Walilalamika kwamba inawafananisha na jani kavu lingojalo kuanguka, na mwaka 2011 ikawekwa badala yake alama nyingine, yenye umbo la jani la pande nne za rangi mbalimbali. Kisa hiki ni kidogo, lakini kinadokeza ugumu wa jambo lenyewe. Jamii yataka kumjua mtu asiyeweza tena kuendesha gari kwa usalama. Papo hapo haipendi kumvunjia heshima mzee aliyeshika usukani kwa miaka hamsini bila kumgonga hata kuku.

Japani ni mahali panapofaa kulitazama jambo hili, kwa kuwa takriban watu 29 katika kila 100 wa nchi hiyo wametimiza miaka 65 au wameipita. Mwezi wa Aprili 2019, katika mtaa wa Ikebukuro jijini Tokyo, gari lililoendeshwa na mzee wa miaka 87 liliwagonga na kuwaua mama mmoja na binti yake wa miaka 3. Mahakama baadaye iliamua kwamba dereva alikanyaga mafuta akidhani anakanyaga breki. Nchi nzima ilisikitika, na katika mwaka huo huo watu zaidi ya 600,000 walirudisha leseni zao kwa hiari. Swali waliloachiwa wataalamu ni hili: je, wote waliorudisha leseni walikuwa hatari barabarani?

Ili kulijibu, hapana budi kuanza na mwili wenyewe. Jicho la binadamu huanza kuzeeka mapema kuliko wengi wanavyodhani. Lenzi yake, ambayo utotoni hunyumbuka kwa urahisi, hukakamaa kidogo kidogo hata mtu wa miaka arobaini na kitu akalazimika kulisogeza gazeti mbali ili alisome. Lenzi hiyo hiyo hugeuka rangi ikawa ya manjano, na mboni nayo husinyaa, isiweze kupanuka vya kutosha gizani. Kwa sababu hizo mbili, mwanga unaofika kwenye retina ya mtu wa miaka 60 ni kama theluthi moja tu ya ule unaofika kwenye retina ya kijana wa miaka 20. Zaidi ya hayo, lenzi iliyozeeka hutawanya mwanga badala ya kuupitisha moja kwa moja. Dereva mzee akutanapo usiku na taa kali za gari linalomjia huona ukungu mweupe, na huchukua muda mrefu zaidi kurudia kuona sawasawa. Ndiyo maana wazee wengi huacha wenyewe kuendesha usiku, pasipo kuamriwa na mtu.

Jambo la pili ni muda wa kuitikia. Mwalimu wa fizikia aweza kulionyesha darasani kwa rula tu. Mwanafunzi mmoja aishike rula wima kwa juu; mwenzake aweke vidole viwili wazi kwenye alama ya sifuri, kisha rula iachiwe ghafla naye aidake. Kwa kanuni ya kitu kiangukacho, umbali ni nusu ya mvuto wa dunia mara muda kipeo cha pili. Rula ikidakwa kwenye sentimeta 20, muda uliopita ni kama sekunde 0.20, ikidakwa kwenye sentimeta 28, ni kama sekunde 0.24. Wanafunzi wakilifanya jaribio hili pamoja na babu na bibi zao, tofauti itaonekana mara nyingi, ingawa si kwa kila mzee.

Barabarani mambo ni mazito kuliko kudaka rula, kwa sababu dereva hutakiwa kwanza kukiona kitu, kukitambua, kuamua la kufanya, ndipo ahamishe mguu. Wahandisi wa Marekani wanaposanifu barabara humpa dereva sekunde 2.5 kwa kazi hiyo yote. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita meta 22 katika kila sekunde. Basi dereva achelewaye kwa nusu sekunde tu atakuwa amesogea meta 11 zaidi kabla breki haijaanza kushika.

Hata hivyo, macho makali na mguu mwepesi havitoshi kueleza ajali. Kwa miaka mingi wakaguzi wa leseni waliridhika na ule ubao wa herufi zinazopungua ukubwa. Wachunguzi walipolinganisha matokeo ya ubao huo na kumbukumbu za ajali, waliona uhusiano hafifu mno: wazee waliosoma herufi zote walipata ajali, na wengine walioshindwa mistari ya chini waliendesha salama. Katika jimbo la Alabama nchini Marekani, wataalamu Karlene Ball na Cynthia Owsley walielekeza uchunguzi kwingine. Walipima eneo ambalo mtu aweza kulitambua kwa mtupo mmoja wa jicho wakati akili yake imeshughulika na jambo jingine. Mpimwaji huonyeshwa kwenye kioo cha kompyuta, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, picha katikati na nyingine pembeni. Hutakiwa kuitambua ya katikati na kusema ile ya pembeni ilikuwa upande gani. Mara nyingine pembeni hujazwa maumbo mengine ya kumchanganya, kama vile barabara ya sokoni inavyojaa mikokoteni na waenda kwa miguu.

Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa madereva 294 wenye umri wa miaka 55 hadi 87, waliofuatiliwa kwa miaka mitatu. Wale ambao eneo lao la kutambua lilikuwa limepungua kwa asilimia 40 au zaidi walikabiliwa na uwezekano wa kupata ajali mara 2.2 kuliko wenzao. Macho yao yaliweza kuwa mazima kabisa. Kilichopungua ni wepesi wa ubongo kugawa uangalifu, na hilo laeleza kwa nini ajali za wazee hutokea zaidi kwenye njia panda, hasa dereva anapokata kona mbele ya magari yanayomjia. Marekani kona hiyo ni ya kushoto. Tanzania, Kenya na Uganda, ambako magari hupita kushoto, ni ya kulia. Dereva hulazimika kukadiria mwendo wa gari lijalo, kumwangalia mpita njia, na kutazama taa, yote kwa wakati mmoja. Kwenye mzunguko, ambao madereva wa Tanzania huuita kipilefti, kazi hiyo hupungua, kwani magari huja kutoka upande mmoja tu na kwa mwendo mdogo.

Je, wepesi huo waweza kurudishwa? Uchunguzi mkubwa ulioanza Marekani mwaka 1998 uliwagawa wazee 2,832 katika makundi manne: kundi moja lilifundishwa mbinu za kukumbuka, la pili kufikiri kwa mantiki, la tatu kutambua mambo kwa haraka, na la nne halikufundishwa lolote. Mafunzo yalikuwa vipindi kumi tu. Mwaka 2010 zilitolewa hesabu za madereva 908 miongoni mwao, waliofuatiliwa kwa takriban miaka sita. Waliofundishwa wepesi wa kutambua na waliofundishwa mantiki walipata ajali walizozisababisha wao wenyewe kwa kiasi cha nusu tu kulinganisha na wasiofundishwa. Mafunzo ya kukumbuka hayakuleta tofauti hiyo.

Kuna dawa nyingine iliyo karibu zaidi na watu wa Afrika Mashariki, nayo ni upasuaji wa mtoto wa jicho. Mwaka 2002 Owsley na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa waliopasuliwa walipata ajali chini ya nusu ya wale ambao hawakupasuliwa. Yafaa kusoma matokeo hayo kwa uangalifu, kwa sababu wagonjwa walichagua wenyewe kupasuliwa au la, na huenda waliochagua walitofautiana na wenzao kwa mambo mengine pia. Lakini hapana shaka kwamba mtoto wa jicho huongeza ule mtawanyiko wa mwanga uliokwisha elezwa.

Sasa yabaki mahesabu, na hapa ndipo magazeti hukosea mara kwa mara. Ni kweli kwamba kwa kila kilometa wanayoendesha, vifo vya madereva wazee huwa vingi. Ila kufa katika ajali si sawa na kusababisha ajali. Kijana na mzee wakigongwa kwa nguvu ile ile, kijana hutoka na mchubuko, mzee huvunjika mbavu. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2003 ulikadiria kwamba udhaifu huo wa mwili ndio unaoeleza asilimia 60 hadi 95 ya ziada hiyo ya vifo. Aidha, wazee wengi huendesha safari fupi mijini, penye njia panda nyingi, na mtu yeyote aendeshaye kidogo, awe mzee au kijana, huonekana ana ajali nyingi kwa kila kilometa.

Serikali mbalimbali zimejaribu kuwachuja wazee kwa sheria. Ufini iliwataka wenye miaka 70 wapimwe na daktari. Jirani yake Uswidi haikufanya hivyo. Walipolinganishwa katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996, madereva wazee wa Ufini hawakuonekana kuwa salama zaidi, lakini wazee waliokufa wakiwa nje ya magari walikuwa wengi zaidi Ufini. Denmark nayo ilianza kipimo cha akili kwa wazee mwaka 2006, na uchunguzi wa mwaka 2012 ukaona jambo lile lile. Maelezo yake si magumu: mzee aliyenyang'anywa leseni, au aliyeona haya kwenda kupimwa, hakubaki nyumbani, alitoka kwa miguu au kwa baiskeli, bila bati la kumkinga. Wengine walibaki nyumbani kweli, nao wachunguzi wameona mara nyingi kwamba wazee walioacha kuendesha huelekea kupatwa na huzuni kubwa kuliko wanaoendelea.

Katika Afrika Mashariki wazee walio wengi hawakupata kumiliki gari, hivyo usalama wao barabarani ni usalama wa mwenda kwa miguu. Taa za kuvukia barabara katika nchi nyingi zimepangwa kwa mtu aendaye meta 1.2 kwa sekunde. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2012 ulionyesha kwamba wengi wa watu wenye miaka 65 na zaidi hawafikii mwendo huo. Barabara yenye upana wa meta 9 humchukua mwenye mwendo wa 1.2 sekunde 7.5; mwenye mwendo wa meta 0.8 huhitaji sekunde 11 na robo. Darasa lenye saa ya kupimia na kamba ya meta laweza kusimama penye kivuko cha mji wake na kuhesabu ni sekunde ngapi mzee huyo bado yu katikati ya barabara baada ya taa kubadilika.