Ushuru wa Plastiki Ukifutwa, Mfanyakazi Anapata Nini?



Viwanda vyetu vya Bujumbura vinatumia plastiki kutoka nje, na soko huria la kanda limefuta ushuru wa forodha kwa bidhaa nyingi. Je, jambo hili linatufaa au linatuumiza? Jibu la neno moja halipo. Tunalieleza hatua kwa hatua ili kila mmoja wetu alipime mwenyewe.

PLASTIKI INATOKA WAPI

Plastiki ya viwandani hutokana na mafuta ya petroli na gesi. Huja ndani ya magunia, ikiwa punje ndogo kama mchele. Burundi haina kiwanda cha kutengeneza punje hizo. Hununuliwa nchi za mbali, kama zile za Ghuba, Asia na Misri. Mizigo mingi ya nchi yetu hushushwa bandari ya Dar es Salaam, kisha huja kwa lori, au kwa reli mpaka Kigoma na kuvuka Ziwa Tanganyika kwa meli. Kiwandani, mashine huziyeyusha punje na kuzitia katika kalibu, zikawa mabomba ya maji, ndoo na mabidoni.

Ndugu wa mashambani wasidhani habari hii ni ya watu wa kiwandani peke yao. Mafuta ya mawese ya Rumonge hubebwa katika mabidoni, na mbolea huja katika magunia ya plastiki. Bei ya plastiki ikipanda, shamba nalo linalipa.

USHURU ULIFUTWAJE

Mwaka 1981 nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika zilitia sahihi mkataba wa kupunguziana ushuru. Umoja huo ukageuka kuwa COMESA mwaka 1994. Tarehe 31 Oktoba 2000 nchi tisa za COMESA, zikiwamo Kenya, Misri na Zambia, zilifuta ushuru baina yao. Burundi na Rwanda ziliingia tarehe 1 Januari 2004. Kisha, tarehe 1 Julai 2007, Burundi ikawa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2009 ikaanza kutumia Umoja wa Forodha wa Jumuiya.

Umoja huo una sheria mbili. Ya kwanza: bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha ikivuka mpaka wa nchi mwanachama. Ya pili: bidhaa ya nje hutozwa kiwango kilichokubaliwa na wote. Kwa kawaida malighafi ni asilimia 0, bidhaa iliyofanyiwa kazi nusu ni 10, na iliyokamilika ni 25. Tangu Julai 2022 baadhi ya bidhaa zilizokamilika hutozwa 35.

SIFURI MBILI, SI MOJA

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Sifuri ya malighafi humsaidia mwenye kiwanda wa Bujumbura, kwa sababu analeta punje bila ushuru. Sifuri ya bidhaa iliyokamilika humletea mshindani, kwa sababu bomba la Nairobi au la Dar es Salaam linaingia bila ushuru na kuuzwa kando ya bomba letu. Bomba la China, kwa upande wake, bado linakuta ukuta mpakani.

Bidhaa haipati msamaha kwa kupita tu katika nchi jirani. Lazima iwe na cheti cha asili, kinachoshuhudia kwamba imetengenezwa ndani ya kanda. Katika COMESA, njia mojawapo ya kukipata ni kuonyesha kwamba kazi ya kiwandani imeongeza angalau asilimia 35 ya thamani ya bidhaa. Maana yake ni kwamba kinachoipa bidhaa haki ya kusamehewa ushuru ni jasho la mfanyakazi. Anayebadilisha nembo tu juu ya bidhaa ya nje hastahili.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano. Mzigo wa plastiki wa faranga 10,000,000 unatozwa ushuru wa asilimia 10, yaani 1,000,000. Juu ya jumla hiyo inakuja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, yaani 1,980,000. Jumla inakuwa 12,980,000. Ushuru ukifutwa, kodi inabaki juu ya 10,000,000, nayo ni 1,800,000. Jumla inakuwa 11,800,000. Tofauti ni faranga 1,180,000.

Fedha hizo zinakwenda wapi? Zinaweza kushusha bei dukani, kununua mashine, kuongeza mshahara, au kuingia mfukoni mwa mwenye mali. Sheria ya forodha haisemi lolote juu ya jambo hilo. Hilo huamuliwa katika mazungumzo kati ya mwajiri na wafanyakazi, na asiyekuwapo mezani hapati fungu.

Tusisahau pia kwamba ushuru uliofutwa ni mapato ya serikali yaliyopungua, na kwa mapato hayo hulipwa walimu na wauguzi. Ndiyo maana COMESA iliunda mfuko wa kufidia nchi zilizopoteza mapato, na Burundi ilinufaika nao. Wala ushuru wa sifuri hauleti dola: kiwanda kisicho na fedha za kigeni hakiwezi kununua hata punje zisizotozwa kitu.

WAJIBU WETU

Mwajiri akisema, "Soko huria limetubana, hakuna nyongeza," wajumbe wetu waulize: Malighafi yetu inatozwa asilimia ngapi leo, na ilitozwa ngapi zamani? Bidhaa ya mshindani inatoka wapi, na ina cheti cha asili? Je, sisi wenyewe tunatumia cheti hicho kuuza nchi jirani? Kilichookolewa forodhani kimetumika vipi?

Mwajiri mkweli hatachukizwa na maswali hayo. Kiwanda kikiwa katika shida ya kweli, tutaijua mapema na kutafuta njia pamoja kabla watu hawajapunguzwa kazi. Na kama faida ipo, tutadai fungu letu kwa hesabu. Kila tawi na lisome habari hii mkutanoni, na lichague wajumbe wa kuuliza.