KIBANDA CHA BIASHARA KWA MTAJI MDOGO: TUANZE NA BIDHAA, SI MABATI

 

Kila mwaka vijana wetu wanapokhitimu, au wanapomaliza shule na kusubiri majibu, hutujia na swali moja: "Ustadhi, sasa nifanye nini?" Swali hilo ni zito hapa Nalasi. Wengi wetu tunategemea korosho, na korosho ina msimu wake. Minada ikishafungwa na fedha za chama cha msingi zikaisha mfukoni, huja miezi mirefu ya mvua na palizi. Sabuni inahitajika, chumvi inahitajika, daftari la mtoto linahitajika. Ndipo mtu anapomfuata mnunuzi wa kangomba na kumpa korosho ambazo bado ni maua mtini, kwa bei ya kutupwa. Msimu ukifika, mavuno yamekwisha kuwa ya mwingine.

Kibanda kidogo chenye kuingiza hata shilingi elfu moja kwa siku kinaweza kuivusha familia miezi hiyo bila kuuza jasho lake mapema. Kwa hiyo mwaka huu tumeona tueleze namna ya kukianzisha kwa fedha chache.

MFANO WA MASWAHABA

Sote tumesoma habari za Abdurrahman bin Awf (R.A.). Alihama Makka akafika Madina hana kitu. Saad bin Rabi'i (R.A.), aliyeunganishwa naye undugu, alimtaka achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqa, na akarudi na faida ya samli na maziwa yaliyokaushwa. Habari hii ameipokea Imam Bukhari. Baadaye alikuwa miongoni mwa matajiri wa Madina.

Tuzingatie jambo moja: alianza na bidhaa ambazo kila nyumba inazihitaji. Hatukusomeshwa kwamba alianza kwa kujenga duka zuri.

KOSA LETU WENYEWE

Tunalisema hili kwa sababu nasi tuliwahi kukosea. Miaka kadhaa iliyopita sisi walimu tulichanga fedha tukafungua kibanda, ili faida yake isaidie kununua misahafu na mikeka ya chuo. Tukanunua mabati, tukapiga rangi, tukaandikisha jina mbele kwa herufi kubwa. Tulipomaliza, fedha ya bidhaa ilikuwa imebaki kidogo sana. Watu walikuja siku ya kwanza, wakakuta rafu tupu, na siku ya pili wakapita kama hawakutuona.

Kosa la pili lilikuwa kukopesha kwa mdomo. Tulimdai mzazi mmoja shilingi 1,200, naye akasema alikwisha kumtuma mtoto wake kulipa. Tukabishana naye mbele za watu. Akaondoka kwa hasira, na watoto wake hawakuja chuoni wiki ile wala iliyofuata. Baadaye mmoja wetu alikumbuka kwamba mtoto yule alileta fedha wakati wa msongamano, naye akazitia katika mfuko wa kanzu bila ya kuandika. Tulikwenda nyumbani kwa mzee huyo kumwomba radhi, naye, Allah amlipe kheri, akatusamehe na watoto wakarudi. Kibanda kilifungwa, lakini somo tumebaki nalo, na ndilo tunalowapa.

1. TUJUE KWANZA MNUNUZI NI NANI

Kabla ya kukata nguzo hata moja, kaa mahali unapokusudia kuuzia kwa siku tatu, asubuhi na jioni, uhesabu wapitao na vitu wanavyobeba. Njia ya kisimani, njia ya shule na mlango wa msikiti siku ya Ijumaa hazina wateja wa aina moja. Mtoto wa shule ananunua kalamu na karanga. Mama anayerudi shambani anataka chumvi, dagaa, nyanya na kiberiti. Andika bidhaa tano tu ambazo watu wanazifuata mbali, na uanze na hizo.

Usiweke kibanda barabarani, wala katika njia ya maji ya mvua. Mwone mwenye eneo akupe ruhusa mbele ya shahidi, kisha umwone mtendaji wa kijiji akueleze utaratibu na malipo yaliyopo. Taratibu hizo hubadilika. Mwaka 2018, kwa mfano, Serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Uliza utaratibu wa mwaka huu, na stakabadhi ya malipo uihifadhi.

2. KUGAWA MTAJI

Tuchukue mfano wa kijana mwenye shilingi 60,000. Tunashauri azigawe hivi:

(a) Bidhaa: 30,000
(b) Turubai dogo la kuezekea: 10,000
(c) Akiba isiyoguswa: 10,000
(d) Ndoo na beseni za kuwekea bidhaa: 6,000
(e) Misumari: 2,500
(f) Daftari na kalamu: 1,500

Bei hizi ni za mfano, kila mtu aulizie za kwake. Kanuni ndiyo muhimu: nusu ya fedha iwe bidhaa, na akiba isikosekane. Akiba ni ya siku utakapougua, au mvua itakapoharibu nyanya. Asiye na akiba hula mtaji, na mtaji ukiliwa biashara imekufa hata kama kibanda bado kimesimama.

3. KUJENGA

Nguzo na mianzi, vitu hivi tunavyo kwetu, ila tuombe ruhusa ya kijiji tunapokata msituni. Nguzo sita zinatosha. Tatu za mbele ziwe ndefu kuliko za nyuma, ili maji yateremke nyuma na yasimwagikie mteja. Choma ncha zinazoingia ardhini mpaka ziwe nyeusi, ili mchwa wachelewe kuzila. Chanja ya mianzi iwe juu kidogo ya kiuno, ili kuku na mbuzi wasifikie na mtoto aone kilichopo. Turubai lifungwe kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, kwani tundu moja la msumari huchanika lote siku ya upepo. Jioni bidhaa zirudi nyumbani. Kufuli na mlango vitanunuliwa na faida, in shaa Allah.

4. KUPANGA BEI

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tufuatane polepole.

Tuseme umekwenda Tunduru mjini na shilingi 30,000 za bidhaa. Umenunua miche 8 ya sabuni kwa shilingi 3,000 kila mmoja, jumla 24,000. Nauli yako na ya mzigo, kwenda na kurudi, ni 6,000. Kila mche unaukata vipande 5, unapata vipande 40.

Mwanafunzi asiyehesabu vizuri atasema: "Mche ni 3,000, basi kipande ni 600. Nikiuza 700 napata faida ya 100." Akimaliza vipande vyote anahesabu fedha, anakuta 28,000. Aliondoka na 30,000! Amefanya kazi wiki nzima na amepoteza 2,000, wala hajui zilikokwenda. Zimekwenda kwenye nauli. Gharama ya kweli ya kila kipande ni 30,000 kugawa kwa 40, yaani 750. Akiuza 900 atapata 36,000, na faida yake ni 6,000.

Sasa wakiungana vijana watatu, wakamtuma mmoja wao kuleta mizigo ya wote, na nauli ikawa ile ile 6,000, kila mmoja anachangia 2,000. Gharama inashuka mpaka 26,000, na kipande kinakuwa 650. Anaweza kuuza 800 akapata faida ile ile ya 6,000, na mteja akapata nafuu ya shilingi 100. Hii ndiyo faida ya kushirikiana: aliyeuza amepata na aliyenunua amepata.

5. KIPIMO

Katika Suratul Mutaffifin Allah (S.W.) amewaonya vikali watu ambao wakijipimia wao hutaka kijae, na wakiwapimia wengine hupunguza. Pande zote mbili tunaziona kwetu. Lumbesa, lile gunia la kurundika juu ya mdomo wake, ni kujipimia kwa kumdhulumu mkulima. Kopo lililobonyezwa kitako ni kumpunja mnunuzi. Kijana wetu asifanye hili wala lile.

Na bidhaa yenye kasoro isemwe. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la nafaka, akakuta chini kuna unyevu. Muuzaji akasema kwamba imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, na akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Hadithi hii ni ya Imam Muslim. Basi nyanya zilizoanza kulainika zitenge fungu lake, uziuze kwa bei ya chini na useme sababu. Kijiji ni kidogo. Anayedanganywa asubuhi, jioni watu wote wamejua.

6. DENI NA DAFTARI

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Jambo ambalo Mola wetu amelipa nafasi hiyo, sisi tunalifanya kwa mdomo! Daftari lako liwe na sehemu tatu: bidhaa zilizoingia, mauzo ya kila siku, na madeni. Kila deni liandikwe jina, kitu, kiasi na tarehe, mkopaji akiona. Likilipwa, likatwe hapo hapo kabla ya kumhudumia mtu mwingine. Weka kiwango, kwa mfano madeni yote yasizidi shilingi 5,000 kwa wakati mmoja. Anayekopa baada ya hapo mwambie kwa upole kwamba mtaji ni mdogo, na aliyekwama kweli mpe muda.

Nawe mwenyewe ukichukua sabuni kwenda kuogea, iandike. Wewe pia ni mkopaji.

7. MTAJI UTOKE WAPI

Mtaji bora ni ule uliokusanywa kidogo kidogo, kwa kibarua cha palizi au kwa kuuza kuku. Mikopo ya riba, hata iitwe jina zuri namna gani, tuiepuke. Aya ya 275 ya Suratul Baqara imehalalisha biashara na imeharamisha riba. Kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ipo mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Maelezo yake yanapatikana kwa afisa maendeleo ya jamii. Lakini kukosa riba hakuondoi wajibu wa kulipa: deni ni amana.

HITIMISHO

Wazazi wetu, tunawaomba kibanda kisiwatoe watoto darasani wala chuoni. Mtoto asaidie baada ya masomo, na mtu mzima akae saa za asubuhi. Adhana ya Ijumaa ikisikika, funika bidhaa uende. Baada ya sala ruhusa ya kutafuta riziki ipo katika Qur'ani yenyewe.

Nanyi vijana, msione haya kuanza na chanja ya mianzi na miche minane ya sabuni. Anayepita akikuta kipimo kimejaa na kauli ni ya kweli, hatauliza bati liko wapi. Tunamwomba Allah (S.W.) atupe riziki ya halali, aitie baraka, na atuvushe miezi ya njaa bila kuuza maua ya mikorosho yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.